Je, wajua kwa nini mwajiri Uganda hulipa fidia hata kosa likiwa la mfanyakazi?

Pita Katwe, jijini Kampala, asubuhi yoyote ya kazi. Utamkuta fundi ameinamia geti la chuma, grainda inatema cheche, na miwani ya kukinga macho ameipandisha juu ya kofia. Bosi alimnunulia, akamwambia aivae. Yeye anasema inamzuia kuona mstari. Kipande cha diski kikiruka kikamtoboa jicho, nani alipe?

"Shauri yake, si aliambiwa?" Ndivyo wengi wanavyojibu. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2000 haiko upande wao. Mwajiri analipa hata kama aliyeumia alizembea, hata kama alikiuka maagizo akiwa kazini. Asiyelipwa ni aliyejiumiza kwa makusudi. Na si ndani ya karakana tu: anayegongwa akiwa kwenye boda boda, akitoka nyumbani moja kwa moja kwenda kazini, naye amo, mradi aonyeshe kwamba hakuchepuka.

Yaonekana kama uonevu kwa bosi, lakini mzizi wake ni wa zamani. Kabla ya sheria za namna hii, za Ujerumani mwaka 1884 na Uingereza mwaka 1897, aliyeumia alilazimika kwenda mahakamani athibitishe kosa la tajiri wake. Mashahidi ni akina nani? Wenzake, ambao kesho wanataka kurudi kazini kwa tajiri huyohuyo. Basi mzigo wa kuthibitisha kosa ukaondolewa, na malipo yakawekewa vipimo vinavyojulikana mapema.

Kipimo cha Uganda ni mishahara ya miezi 60 kwa ulemavu kamili wa kudumu. Ulemavu ukiwa wa sehemu, hulipwa asilimia ya hiyo. Fundi wa shilingi 500,000 kwa mwezi, miezi 60 ni milioni 30. Daktari akisema amepoteza asilimia 20 ya uwezo wake, ni milioni 6. Kwa karakana ya watu wanne, hiyo ni grainda zote, mashine ya kuchomea, na kodi ya nyumba juu.

Ndiyo maana sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima. Hapa kuna wanaojidanganya: "Mimi nalipa NSSF." Huo ni mfuko wa hifadhi ya jamii, akiba ya mfanyakazi: asilimia 10 ya mwajiri na 5 yake mwenyewe. Haumwondolei mwajiri deni la jicho.

Wapo pia wanaokata bima lakini wanaandika mishahara midogo kwenye fomu ili ada ishuke, kwa kuwa ada hupigwa kwa jumla ya mishahara na hatari ya kazi. Ujanja huo siupendi, na hesabu zenyewe zinaukataa. Fidia hupimwa kwa kile mtu anachopata kweli; kampuni ya bima ikishika mishahara iliyoandikwa kwenye fomu, pengo ni la bosi.

Wakala wa bima anayeijua kazi yake huomba kwanza daftari la mishahara. Kisha huzunguka karakana, maana sheria ya usalama kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bure, na akifika kwa yule fundi wa geti ataangalia miwani iko wapi.