Kiputo cha dotikomu: kilichopasuka na kilichobaki

Kiputo cha dotikomu ni jina la kipindi cha takriban mwaka 1995 hadi 2000, pale bei za hisa za kampuni za intaneti, hasa Marekani, zilipopanda mbali mno kuliko mapato ya kampuni zenyewe, kisha zikaporomoka. Kilichovimba ni bei. Hili ni la kushika mapema, maana wengi wakisikia kwamba kiputo kilipasuka hudhani intaneti yenyewe ilikwama na watu wakaikimbia. Mwaka 2000 waliokuwa wakitumia intaneti duniani hawakufika nusu bilioni. Mwaka 2005, miaka mitano tu baada ya mporomoko, walikaribia bilioni moja. Wateja walikuwa wanamiminika wakati uleule hisa zinaanguka.

Sisi wa Tanga tuna historia yetu ya neema iliyokatika, na ni rahisi kuichanganya na hii. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukaenea Muheza, Korogwe na kwingineko, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi ilikuwa inavuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikashuka, mashamba yakaota magugu na maelfu ya watu wakakosa kazi. Ukimsimulia mzee wa Korogwe habari za dotikomu atakwambia ameshayaona. Lakini yale ya mkonge hayakuwa kiputo. Mkonge uliuzwa kwa faida ya kweli miaka mingi, kamba zake zikafunga marobota kweli, na ulianguka kwa sababu mnunuzi alipata kitu kingine cha bei rahisi. Kampuni nyingi za dotikomu zilianguka zikiwa hazijawahi kupata faida hata mwaka mmoja, na ile huduma ambayo kampuni hizo ziliwaahidi watu ikaendelea kutakiwa, mpaka leo inatakiwa. Kwa hiyo ukitaka kujua kama kitu ni kiputo, usiangalie kuanguka kwake. Angalia kabla hakijaanguka bei yake ilikuwa imesimama juu ya nini.

Ile ya dotikomu ilisimama juu ya matumaini. Agosti 1995 kampuni ya Netscape, iliyotengeneza programu ya kufungulia kurasa za intaneti, iliuza hisa zake kwa umma kwa dola 28 kila moja. Siku hiyohiyo soko lilifungwa hisa ikiwa zaidi ya dola 58. Netscape ilikuwa changa na haikuwa na rekodi ya faida ya kuonyesha. Wenye mitaji walijifunza hapo somo ambalo lingewagharimu baadaye: kwamba unaweza kutajirika kwa kuuza hisa za kampuni kabla kampuni haijajua itajipatiaje riziki. Mduara ukaanza kuzunguka. Fedha za hisa zililipia matangazo, matangazo yakaleta watembeleaji, idadi ya watembeleaji ikapandisha bei ya hisa, hisa zikaleta fedha nyingine za matangazo. Kauli iliyotawala ilikuwa kua haraka kwanza, faida itakuja. Alan Greenspan, mkuu wa benki kuu ya Marekani, alitahadharisha Desemba 1996 juu ya furaha ya masoko iliyopita mipaka ya akili. Soko liliendelea kupanda kwa zaidi ya miaka mitatu baada ya onyo lake, na hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo: anayeona kiputo mapema huonekana mjinga kwa muda mrefu.

Kipimo cha hisa za soko la NASDAQ, ambako kampuni nyingi za aina hii ziliorodheshwa, kilifika 5,048 tarehe 10 Machi 2000. Oktoba 2002 kilikuwa 1,114. Aliyenunua siku ile ya kilele ilimbidi asubiri mpaka Aprili 2015 kuona kipimo hicho kimerudi palepale.

Katika kampuni zote zilizokufa, inayofundisha zaidi kwa mtu anayefanya biashara leo ni Webvan. Ilipeleka mahitaji ya jikoni majumbani: mboga, nyama, maziwa, unaagiza kwenye kompyuta na gari linakuja saa uliyochagua. Wazo lilikuwa zuri, na wateja waliolitumia walilipenda. Novemba 1999 iliuza hisa na kupata dola milioni 375. Lakini kabla hata ghala lake la kwanza, la Oakland huko California, halijaonyesha kwamba linaweza kujilipa, tayari ilikuwa na mkataba wa takriban dola bilioni moja na kampuni ya ujenzi ya Bechtel wa kujenga maghala mengine katika miji mingi. Maghala yale yalikuwa na mitambo ya kubeba makasha, na mtambo wa namna hiyo unahitaji maelfu ya oda kila siku ili gharama yake igawanyike vizuri. Oda hazikufika kiwango hicho. Kila gari lililotoka lilitoka na hasara, na kwa kuwa mpango ulikuwa kuongeza magari, hasara iliongezeka kwa mwendo uleule wa ukuaji. Julai 2001 ikafunga, na wafanyakazi karibu 2,000 wakabaki bila kazi.

Hesabu iliyoiua Webvan inaweza kufanyiwa hapa Ngamiani kwenye kipande cha karatasi. Tuseme unauza madira kupitia simu. Dira moja umelinunua jumla kwa shilingi 14,000 na unaliuza 20,000, kwa hiyo juu yake kuna 6,000. Mteja yuko Arusha, na ili umpate umemwahidi kumtumia bure. Bodaboda wa kupeleka mzigo stendi ya Kange anataka 2,000, basi linataka 5,000, na makato ya kutoa pesa kwa wakala tuseme 600. Jumla ni 7,600. Umeuza, mteja amefurahi, amekusifu kwenye kundi la wanawake wenzake, na umepoteza 1,600. Ukipata wateja mia wa namna hiyo umepoteza 160,000, na hao mia wamekuja kwa sababu ya ile bure uliyowapa.

Sasa geuza kidogo. Mteja huyo wa Arusha ni muuzaji mwenzako, anachukua madira kumi kwa pamoja kwa bei ileile. Bodaboda ni 2,000, basi ni 5,000, makato yamepanda tuseme 3,000. Gharama ni 10,000, na juu ya mzigo kulikuwa na 60,000. Unabaki na 50,000. Hakuna teknolojia iliyobadilika kati ya hesabu hizi mbili. Kilichobadilika ni kwamba safari moja imebeba vitu kumi. Kampuni kubwa za kupeleka mizigo zilizokuja baadaye, pamoja na mahesabu yao yote ya kompyuta, sehemu kubwa ya kazi yao ni hiyo tu: kuzuia gari lisitoke na kifurushi kimoja. Na bidhaa yenyewe ina usemi wake. Dira likichelewa siku mbili halina neno, samaki wa soko la Deep Sea hapa Tanga akichelewa siku mbili ni hasara na lawama juu. Webvan ilichagua bidhaa zinazooza, faida yake kwa kila kimoja ni ndogo, tena ikazipeleka nyumba kwa nyumba.

Pets.com nayo iliuza chakula cha mbwa na paka, mifuko mizito yenye faida ndogo, mara nyingine kwa bei iliyo chini ya ile iliyonunulia. Iliuza hisa Februari 2000 na Novemba mwaka huohuo ikatangaza kufunga.

Waliopona walipona kwa njia tofauti, na si wote kwa sababu ya busara. Amazon, iliyoanzishwa mwaka 1994, ilikuwa na hasara kubwa kama wenzake. Februari 2000, mwezi mmoja kabla ya kilele, iliuza hati fungani, yaani hati za kukopa fedha kwa wawekezaji, huko Ulaya zenye thamani ya euro milioni 690. Kama ingechelewa miezi michache pengine hakuna ambaye angeikopesha. Hisa yake iliyokuwa imepita dola 100 mwishoni mwa 1999 ilishuka mpaka chini ya dola 6 mwaka 2001. Fedha zile za mkopo ziliipa muda, na muda huo ikautumia kubana gharama za maghala yake. Robo ya mwisho ya mwaka 2001 ndipo ilipoandika faida yake ya kwanza: dola milioni 5, juu ya mauzo ya zaidi ya bilioni moja. Ni kiasi kidogo mno kwa mauzo hayo, lakini kilijibu swali ambalo Webvan haikuweza kulijibu.

eBay haikuhitaji kuokolewa. Ni mnada: muuzaji ana mali yake, mnunuzi ana fedha zake, wao wenyewe wanatumiana mzigo, na eBay inachukua kamisheni. Haina ghala wala gari. Google, iliyoanzishwa 1998, ilianza kuuza matangazo yanayoendana na kile mtu anachokitafuta kuanzia mwaka 2000, ikapata faida mwaka 2001 wakati wengine wanazika, na ikauza hisa kwa umma mwaka 2004. Ukimwongeza mtu mmoja anayetafuta neno kwenye Google, gharama yake ni kama hakuna. Ukimwongeza mtu mmoja anayetaka kiroba cha unga mlangoni, lazima mtu abebe kiroba. Nadhani tofauti hii ndiyo iliyoamua sura ya biashara za intaneti baada ya 2000 kuliko kipaji cha mwanzilishi yeyote: wanaouza habari, matangazo na programu walikua haraka na kwa faida nono, na wanaobeba mizigo walikua polepole, kwa fedha nyingi na uvumilivu mwingi.

Kuna kitu kingine kilichobaki ambacho hakisimuliwi sana. Wakati wa kiputo kampuni za simu zilikopa kupita kiasi na kutandaza nyaya za faiba ardhini na chini ya bahari kwa matarajio ya wateja ambao hawakuja kwa wakati. Global Crossing ilifilisika Januari 2002, WorldCom Julai 2002. Waliozikopesha walilia, lakini nyaya hazikung'olewa. Zilinunuliwa kwa bei ya kutupa, bei ya kupitisha data ikaanguka, na hapo ndipo video na huduma nzito zilipowezekana kwa gharama ambayo biashara inaweza kuibeba.

Nyaya zile hazikufika pwani yetu. Tanga ya wakati ule ilikuwa ya intaneti kafe, unalipia kwa dakika, na mawasiliano yanapanda mpaka kwenye setilaiti na kushuka. Ukanda wetu ulisubiri mpaka Julai 2009 mkongo wa SEACOM, waya wa faiba wa chini ya bahari, ulipoanza kazi na kutua Dar es Salaam, na mwaka huohuo Mkongo wa Taifa ukaanza kujengwa kuelekea mikoani. Tatizo la malipo nalo lilitatuliwa kwa njia yetu: M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na mtu asiye na kadi ya benki akaweza kumlipa asiyemjua aliye mkoa mwingine. Kwa hiyo tuliingia kwenye biashara ya mtandaoni tukiwa na barabara za data na njia ya kulipana, bila kupita kwenye ule mporomoko. Naiona kuwa bahati, ila ina ubaya wake: somo la gharama ya oda moja kila mtu analianza upya, na kwa fedha yake mwenyewe.

Hata wenye mitaji mikubwa hawakuliepuka. Jumia, duka la mtandaoni lililokuwa katika nchi nyingi za Afrika, iliuza hisa zake New York Aprili 2019. Novemba mwaka huohuo ikafunga shughuli zake Tanzania. Watanzania hawakuacha kununua mtandaoni kwa sababu hiyo. Waliendelea kununua kwa muuzaji wanayemwona kwenye Instagram, wakauliza bei WhatsApp, wakalipa kwa simu na kupokea mzigo stendi. Muuzaji huyo hana ghala la mitambo. Hutumia mabasi ambayo yangesafiri hata kama yeye hana mzigo, na ndiyo maana anadumu pale ambapo kampuni yenye mamilioni ya dola imeondoka.

Udhaifu wake uko kwingine. Duka lake lote limekaa kwenye uwanja wa mtu. Akaunti ikifungwa au ikiibiwa, au mwenye mtandao akipunguza watu wanaoonyeshwa mabango yake mpaka alipie, miaka ya kazi inapotea asubuhi moja. Vilevile mara kwa mara ataibuka mtu mwenye programu mpya atakayempa kusafirishiwa mizigo bure ili ajiunge. Atumie, kwa nini asitumie. Lakini ajue kwamba nauli ile kuna mwekezaji anailipa, na siku mwekezaji akichoka, bei itapanda au programu itafungwa kama Webvan ilivyofungwa. Kwa hiyo bei ya dira aipange kwa nauli halisi ya basi la Kange, na namba za simu za wateja wake aziandike kwenye daftari lake mwenyewe.