Bundi akiwa mbele yako, tazama uso wake kwanza

Watu wakifika mu parke yetu hapa Lubumbashi wanaendaka moja kwa moja kwa tai, na tai kweli anapendeza, lakini nikitoka na bundi mukononi ba mama wengine wanarudi nyuma wanashika watoto, juu wamezoea kusikia eti bundi akilia juu ya nyumba njo mutu atakufa. Naombaka kitu kimoja tu: musogee mpaka mita mbili hivi, munyamaze, mumutazame.

Huyu ni ule mweupe mwenye uso kama moyo, anayelala mu plafo ao mu mnara wa kanisa. Ule uso unakusanya sauti, manyoya yake yanaipeleka mpaka ku masikio, na masikio yenyewe hayako sawasawa, moja iko juu kidogo kuliko ingine, njo maana anajua panya iko wapi hata mu giza totoro. Macho hayazunguki ndani ya kichwa, basi anageuza shingo, digrii 270 hivi, ana mifupa 14 ya shingo na sisi tuko na 7.

Kisha ninawapa unyoya wa bawa. Pitisha kidole ku ukingo wa mbele: meno madogo madogo sawa chanuo. Yanakata upepo, ndiyo anakupita juu ya kichwa na hausikii kitu.

Watoto wanapenda zaidi donge. Bundi anamezaka panya muzima, nyama inayeyuka tumboni, mifupa na manyoya anatapika, donge jeusi la ukubwa wa kidole gumba. Tunaliloweka, tunalifungua na kijiti, fuvu linatoka, lingine tena, meno ya manjano bado iko. Mutoto mumoja alihesabu mafuvu manne akaniuliza, "Huyu njo anamaliza panya ya unga yetu?" Ndiyo, njo yeye.

Kinachoniuma ni sumu. Panya akishaila anatembea polepole inje, bundi anamukamata huyo huyo juu ni rahisi, na sumu inamuingia naye. Tafazali tumieni mitego. Na mukikuta makinda mu plafo muwaache, ni kama majuma 8 tu wataruka. Ile sauti ya kukwaruza munasikia usiku kucha si uchawi, ni wao wanaomba chakula.