Nyumba ya Urithi Mji Mkongwe: Jua Ukuta Upi wa Asili Kabla Hujamwita Fundi

Nyumba nyingi za mawe katika Mji Mkongwe wa Unguja zimerithiwa mara kadhaa, na kila warithi wakagawa chumba, wakaongeza choo au wakavunja ukuta. Mabadiliko yasiyokumbukwa na mtu ndiyo ya hatari zaidi. Kabla ya ukarabati, chukua tepu, karatasi na penseli, uchore kila ghorofa kwenye karatasi yake.

Pima unene wa ukuta kwenye kila mlango na dirisha, ghorofa kwa ghorofa. Ukuta wa asili, wa mawe ya matumbawe na chokaa, kwa kawaida hufika sentimita 50 au zaidi. Wa sentimita 15 mara nyingi ni wa matofali ya saruji, umekuja baadaye. Kisha pima upana wa vyumba. Boriti za mikoko hazivuki mbali, ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu lakini vyembamba, mita 3 hivi au pungufu. Ukikuta sebule ya mita 5 isiyo na ukuta wa kati, tafuta kinachobeba dari. Halafu bandika mchoro wa juu na wa chini pamoja kwenye kioo cha dirisha, mwanga upite: ukuta mnene wa juu usio na mwenzake chini unaonyesha kwamba wa chini umeondolewa. Hapo simamisha kazi, umwite mhandisi.

Kujua kipi kilitangulia, angalia pembe. Kuta zilizojengwa pamoja, mawe yake yameng'atana. Ukuta ulioongezwa umeegemezwa tu, na mara nyingi hutoa ufa ulionyooka wima. Kwangua taratibu kwenye ufa huo. Lipu ya ukuta wa kwanza ikiendelea hadi nyuma ya ule wa pili, pamoja na rangi yake ya zamani, basi wa pili ni mgeni. Ushahidi huu una nguvu kuliko kumbukumbu za wazee. Kwangua pia kipande kidogo cha ukuta, sentimita 5 kwa 5, ukihesabu matabaka ya chokaa (yakiwa mengi, ukuta huenda ni wa zamani zaidi), lakini fanya hivyo sehemu tatu au zaidi, kwa sababu kuna kuta zilizowahi kukwanguliwa zote. Mlango wa nakshi usikupe tarehe ya nyumba, maana milango huhamishwa.

Lipu ya saruji ni ya kijivu, ngumu, haikwanguki kwa kucha. Iandike kwenye mchoro popote ilipo. Ukuta wa chokaa hupumua. Saruji huzuia unyevu usitoke, chumvi ikakusanyika, na ncha za boriti zilizozama ukutani zikaoza bila kuonekana. Vyoo vilivyoongezwa ghorofani huleta balaa hilohilo. Choma kila boriti kwa bisibisi pale inapoingia ukutani: ikizama kirahisi, imeoza, hata kama katikati ni ngumu kama chuma.

Nyufa za mshazari ziwekee alama mbili za penseli, moja kila upande, uandike tarehe na umbali, upime kila mwezi hadi masika yapite.

Mchoro ukikamilika, upeleke kwa mamlaka ya uhifadhi ya Mji Mkongwe unapoomba kibali. Na tangi la maji lisipande juu kabla ya hapo: lita 1,000 ni tani nzima.