Saba ya leo si saba ya mwezi uliopita

"Kati ya sifuri na kumi, sifuri ikiwa huna maumivu kabisa na kumi ikiwa ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyawazia, leo uko wapi?" Swali hilo nimeliuliza mara nyingi mno, naamini hata nikiamshwa usiku wa manane nitalisema bila kukosea neno. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Siku tatu za juma natibu, siku mbili nafanya kazi katika majaribio ya kitabibu ya watu wenye maumivu sugu ya mgongo, magoti na mabega. Tukisema sugu tunamaanisha yaliyodumu au kujirudiarudia kwa zaidi ya miezi 3.

Mshiriki mmoja, mzee mwenye tatizo la kiuno, alinijibu "saba" siku ya kwanza. Baada ya wiki sita nikamuuliza tena, akajibu "saba". Nikaandika saba. Nilipoinua macho nikamwona ameinama, anafunga kamba ya kiatu iliyolegea. Siku ya kwanza kijana wake ndiye aliyemfungia.

"Mzee, mbona saba na unainama hivyo?"

"Daktari, ile saba ya kwanza ilikuwa imekaa hapa, haibanduki," akasema huku akijigusa kiunoni. "Hii ya sasa inakuja, inaondoka."

Kwenye fomu yangu hapakuwa na mahali pa kuandika maneno hayo. (Mimi si daktari pia, lakini hilo nimechoka kulisahihisha.)

Kwa nini basi tunaendelea kuuliza namba? Kwa sababu hakuna kipimo cha damu kinachosoma maumivu, wala mashine. Aliye nayo ndiye pekee anayeyajua, na namba ndiyo njia rahisi ya kulinganisha watu mia mbili kwa pamoja. Kwa kawaida tunahesabu kwamba mtu amepata nafuu ya maana ikiwa namba yake imeshuka kwa pointi 2 hivi, au kwa asilimia 30 ya alipoanzia. Tofauti ya nusu pointi inaweza kupita mtihani wa takwimu ikiwa washiriki ni wengi, na bado mgonjwa mwenyewe asihisi chochote. Kila ukisoma kwamba tiba fulani "imethibitishwa kupunguza maumivu", uliza imepunguza kwa kiasi gani.

Kisha uliza swali la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa: imepunguza kuliko nini?

Maumivu sugu yanajaa na kupwa kama bahari. Mtu haendi kutafuta tiba siku yamepwa. Anakwenda yakiwa yamejaa, usingizi umekatika, kazi haifanyiki. Ukimpima siku hiyo na kumpima tena baada ya wiki nane, hata kama ulichompa ni maji ya kunywa, kuna uwezekano mkubwa utamkuta ana nafuu. Juu ya hapo kuna matumaini, kuna kule kusikilizwa na mtu asiye na haraka, na kuna adabu. Kiswahili chenyewe kinatufundisha: ukiulizwa "hujambo" unajibu "sijambo", hata kama umeamka na homa. Katika utafiti wangu wa kwanza, mdogo tu, mimi niliyewatibu washiriki ndiye pia niliyewauliza namba zao. Matokeo yalikuwa matamu. Baadaye mwenzangu ambaye hawakumjua akawapigia simu na kuwauliza yaleyale, utamu ukapungua. Watu walikuwa wananionea huruma.

Ndiyo maana tunahitaji kundi la kulinganisha, ugawaji wa bahati nasibu unaofanywa na kompyuta na si na mimi, na mpimaji asiyejua nani kapata nini. Kwa vidonge hili si gumu: kundi moja linapewa dawa, jingine plasebo, yaani kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani. Upasuaji je?

Mwaka 2002 watafiti wa Houston, Marekani, walichapisha jaribio ambalo mpaka leo nikilisimulia watu hawaniamini. Walichukua wagonjwa 180 wenye magoti yaliyosagika, wakawagawa makundi matatu. La kwanza lilisafishwa goti na kukwanguliwa gegedu (ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa) lililochakaa kwa kutumia kamera ndogo. La pili lilisuuzwa tu. La tatu halikufanyiwa kitu ndani ya goti. Lakini na hao wa tatu waliingizwa chumba cha upasuaji, wakapewa dawa ya kuwatuliza na kuwasinzisha, wakachanjwa ngozi mara tatu, sentimita 1 kila mchanjo. Daktari aliomba vifaa vyake kama kawaida, akalipinda na kulinyoosha goti, na maji yakamwagwa ili sauti ya kusuuza isikike. Walilala hospitali usiku huo kama wengine.

Kwa miaka 2 iliyofuata, hakuna wakati wowote ambapo waliopasuliwa kweli walikuwa na maumivu kidogo au goti linalofanya kazi vizuri kuliko wale wa upasuaji wa kuigiza.

Je, ni haki kumchana mtu ngozi bure? Swali hilo halijaisha hata kwetu wenyewe. Washiriki wa Houston walitakiwa kuandika kwa mkono wao kwamba wanaelewa huenda wakapata upasuaji wa kuigiza tu, ambao hautalisaidia goti lao. Kati ya watu 324 waliofaa, 144 walikataa, na ningeshangaa kama wasingekataa. Upande wangu nimefika hapa: kumpasua mtu mmoja kwa kuigiza, naye anajua hatari yake, ni afadhali kuliko kuwapasua maelfu kila mwaka kwa upasuaji ambao hakuna aliyeupima.

Wafini walifuata mwaka 2013 kwa watu 146 waliochanika ule mto wa gegedu ulio kati ya paja na muundi, mchaniko wa uchakavu wa umri, si wa ajali. Baada ya mwaka makundi yote mawili, la waliopasuliwa kweli na la kuigiza, yalikuwa na nafuu kubwa, na hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Waingereza wakafanya kwa bega, wakiongeza kundi ambalo halikufanyiwa chochote. Matokeo yalichapishwa 2018. Waliopasuliwa, kwa kweli au kwa kuigiza, walikuwa mbele kidogo ya wale wasiofanyiwa kitu, lakini kwa kiasi kidogo mno kuwa na maana kwa mgonjwa.

Asije mtu akasema nimewakataza upasuaji. Kubadilishiwa goti zima ni habari nyingine. Wadeni walilipima jambo hilo kwa watu 100 na kuchapisha mwaka 2015: waliobadilishiwa goti na kupewa mazoezi walipata nafuu zaidi ya waliopewa mazoezi na tiba nyingine pekee, ingawa madhara makubwa yalikuwa mengi zaidi upande wa waliopasuliwa. Hapo hakukuwa na kuigiza, kila mtu alijua yuko kundi lipi.

Mtu akisoma haya huniuliza: "Lakini picha yangu inaonyesha diski imetokeza!" Inaweza kuwa kweli. Diski ni ile mito iliyo kati ya pingili za uti wa mgongo. Mwaka 1994 watafiti waliwapiga picha za MRI, mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili, watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Asilimia 52 walikuwa na diski iliyobenuka angalau sehemu moja. Wenye diski zote safi walikuwa asilimia 36 tu. Picha ina kazi yake pale tunapohofia uvimbe, maambukizi, mfupa uliovunjika au mishipa ya fahamu iliyobanwa. Kwa mgongo wa kawaida unaouma, picha mara nyingi inaonyesha umri.

Kwenye dawa nitapita haraka, isipokuwa kwa jaribio moja. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani uliowafuatilia watu 240 wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga au magoti kwa miezi 12. Nusu walitibiwa kwa opioidi, dawa za jamii ya mofini. Nusu kwa dawa za kawaida kama paracetamol na zile za kupunguza uvimbe. Uwezo wa kufanya shughuli ulikuwa sawa. Namba ya maumivu ilikuwa 4.0 kwa opioidi na 3.5 kwa dawa za kawaida. Tofauti ndogo, lakini tazama imeangukia upande gani. Washiriki walijua wanachomeza, na watu wengi huamini kwamba dawa kali ndiyo dawa. Imani hiyo ilitakiwa kuzibeba opioidi, na hata hivyo hazikushinda. Zilichoongoza ni madhara.

Sasa nije nyumbani, kwenye mazoezi. Mganga hajigangi, nami nikipima mazoezi najua ninapima mkate wangu. Mapitio makubwa ya mwaka 2021 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 249 ya mazoezi kwa maumivu sugu ya kiuno. Ukilinganisha na kutotibiwa, huduma ya kawaida au plasebo, mazoezi yalishusha maumivu kwa takriban pointi 15 kati ya 100. Geuza kwenye kipimo chetu cha kumi, ni pointi 1 na nusu. Si haba, ila si muujiza wanaoutangaza baadhi ya wenzangu. Na kuna doa ambalo sijui tutaliondoaje: hakuna mazoezi ya kuigiza yanayoweza kumdanganya mtu. Anayeinua uzito anajua anainua uzito. Yale yote niliyoyalaumu juu, matumaini, adabu, kuhurumiwa kwa mtabibu, yamo pia ndani ya hizo pointi 15. Hata hivyo nayaagiza mazoezi, kwa sababu madhara yake ni madogo na faida zake kwa moyo, sukari na usingizi haziihitaji namba ya maumivu.

Baada ya yule mzee wa kamba za viatu tuliongeza kitu kwenye fomu. Hatukukibuni sisi, Wakanada walikieleza tangu 1995. Mgonjwa anataja mwenyewe shughuli ambazo maumivu yamemnyima, kisha anazipa alama: sifuri maana yake hawezi kabisa, kumi maana yake anafanya kama zamani. Majibu yanasomeka kama barua. Kubeba mjukuu. Kukaa kwenye ibada mpaka mwisho. Kugeuka kitandani bila kumwamsha mwenzangu.

Mzee naye alirudi kwa ziara ya miezi sita. Maumivu, akasema, nne. Kufunga kamba za viatu, kumi, na hata hakufikiri. Nikafurahi, nikainama kuokota kalamu iliyoanguka, nikaviona viatu vyake: vya kuchomeka mguu, havina kamba hata moja. Nikaandika kumi. Pembeni, kwa herufi ndogo, nikaongeza: "Siku hizi havai vya kamba."