Jamani, kujua kirefu cha DHCP sio kujua DHCP

Jana usiku kwenye grupu la WhatsApp kaingia mtu wa nne mwezi huu na ombi lile lile: "Wakuu, mwenye PDF ya vifupisho vyote vya networking na virefu vyake anirushie, mtihani wiki ijayo nataka nikariri." Dakika kumi hazijaisha kashatumiwa PDF tatu, watu wanamwekea dole gumba, kila la heri mdogo wetu. Mi nikazima data nikalala. Asubuhi naamka bado inaniwasha, ndo maana naandika. Na hiyo DHCP ya kichwa cha habari ni utaratibu wa seva kuzigawia mashine anwani zao za mtandao, yaani IP.

Sikatai kwamba vifupisho ni vingi. CompTIA, wenye mtihani wa mitandao wa Network+, wenyewe wanachochea, maana ukishusha ile orodha ya mada zake mwishoni unakuta kurasa za vifupisho vimepangwa kwa alfabeti, mtu akiziona anadhani mtihani ndo huo. Halafu anaingia chumbani, maswali hadi 90 ndani ya dakika 90, na la kwanza linamwambia mfanyakazi kawasha PC, mashine ina anwani 169.254.10.7, mwenzake wa meza ya pembeni anafanya kazi bila shida, uanzie wapi? Kirefu hakijaulizwa. Unakijua kama sala ya chakula na hakina pa kukaa.

Niliwahi kukaa kwenye usaili upande wa kuuliza. Kijana kaja msafi, leya saba za OSI (ngazi za mtandao, toka waya mpaka programu) kazitaja juu chini na chini juu, DHCP kaimaliza kwa pumzi moja, Dynamic Host Configuration Protocol. Nikamgeuzia laptopu yenye hiyo 169.254, nikamwambia haifiki popote, tatizo nini? Kaitazama, akasema "IP ipo, labda ni waya." IP ipo! Hiyo IP mashine imejipa yenyewe baada ya kuita wee bila kujibiwa. Ni kama mgeni aliyegonga hodi nyumba nzima, hakuna aliyeitika, akaamua kulala barazani. Barazani analala kweli, ila usiseme kapata chumba.

Sasa DHCP yenyewe, nikae hapa kidogo. Wote mmekariri DORA, sawa, hatua nne: Discover (mashine inaita seva), Offer (seva inatoa ofa), Request (mashine inaiomba), Acknowledge (seva inakubali). Swali langu: kwa nini ile Request nayo inatangazwa kwa wote wakati mashine tayari inajua nani kampa ofa? Si angemfuata tu huyo mmoja wakamalizana? Nikiuliza hivi watu wananiangalia kama nimewatukania mama. Jibu ni kwamba ofa zinaweza kuwa zimetoka kwa seva mbili au tatu, na kila iliyotoa imeshaweka anwani pembeni inasubiri. Mashine inaposema mbele ya wote "nachukua ya fulani", hao wengine wanarudisha za kwao kwenye fungu. Ukilielewa hilo hutasahau mpangilio wa DORA maisha yako yote, maana hauwezi kuwa mwingine. Na utaelewa kitu cha pili ambacho mtihani unakipenda mno: matangazo ya namna hiyo hayavuki ruta, kile kifaa kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine. Seva ikiwa ng'ambo ya ruta, Discover inafia mlangoni, kwahiyo unaweka amri ya ip helper-address kwenye ruta, upande ule wenye mashine, ili iibebe. Namba za poti ni UDP 67 kwa seva, 68 kwa mteja, hizo ndo ukariri, namba hazina ujanja.

Na kwamba seva zinaweza kuwa mbili sio hadithi ya kitabuni. Kuna ofisi moja niliitwa saa tatu asubuhi, intaneti imekata kwa nusu ya watu. Nusu tu, na hiyo nusu ndo ilinitia mashaka. Mtandao wao ni 10.20.5 kitu, nikafungua mashine ya dada mmoja wa mapokezi, nikapiga ipconfig kuona anwani yake, nakuta 192.168.1.34 na geti (mlango wa kutokea nje) ni 192.168.1.1. Hiyo sio ya kwao. Nikapiga arp -a pale pale, amri ya ARP inayoonyesha IP ipi ni ya kifaa kipi, nikapata MAC (namba ya kifaa chenyewe) ya huyo 192.168.1.1, nikaingia kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha waya za ofisi, kutafuta hiyo MAC imeonekana poti gani, poti 17. Nikafuata waya kwa mkono mpaka idara ya uhasibu, chini ya meza, nyuma ya pipa la takataka, karuta keupe ka nyumbani kamechomekwa. Mwenyewe alitaka tu waifai ya simu yake, maskini, na waya kauchomeka kwenye poti ya LAN (ya mtandao wa ndani) badala ya WAN (ya kwenda nje). Karuta kakaanza kugawa anwani kwa jengo zima. Waliowasha mashine asubuhi hiyo wakapokea ofa ya karuta kabla ya ile ya seva, na kwa kawaida mashine inachukua inayotangulia. Wale ambao hawakuzima jana yake bado walikuwa na anwani zao za zamani, maana anwani ya DHCP ni ya kupanga, sio ya kununua, na pango lao lilikuwa halijaisha.

Kazi ya dakika ishirini hiyo, imetumia DHCP, ARP, MAC, LAN na WAN, na hakuna sehemu hata moja nilikumbuka kirefu cha chochote. Baadaye tukawasha DHCP snooping kwenye swichi, inayokataa ofa za DHCP toka poti zisizoaminika, ambayo pia ipo kwenye CCNA (mtihani wa Cisco, watengeneza vifaa vya mtandao), na sasa unajua kwa nini ipo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kuna virefu vinadanganya waziwazi. TTL, Time to Live. Mwanafunzi anakariri "muda wa kuishi", akiona 64 anajua ni sekunde 64. Hapana! Kwenye paketi ya IP, yaani kifurushi cha data kinachosafiri, hiyo ni idadi ya ruta itakazovuka, kila ruta inapunguza moja, ikifika sifuri paketi inatupwa na aliyeituma anapelekewa taarifa kwa ICMP, ujumbe wa mtandao wa kuripoti makosa. Traceroute nzima, ile programu inayoonyesha njia ya paketi, imejengwa juu ya ujanja huo, inatuma ya 1, ya 2, ya 3, inasikiliza nani analalamika. Walioandika IP mwaka 1981 walikusudia sekunde kweli, ila wakasema kila ruta ipunguze angalau moja, ikaishia kuwa hesabu ya ruta tu, na kwenye IPv6, toleo jipya la IP, wakaona aibu wakabadilisha jina ikawa Hop Limit. Halafu ukienda DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, kuna TTL nyingine, na hiyo sasa NI sekunde. Kifupisho kile kile, kirefu kile kile, vitu viwili. PDF yako ya kurasa arobaini inasemaje hapo?

Zipo pacha nyingine, nazipita haraka. STP ni Spanning Tree, inayozuia data kuzunguka bila mwisho kati ya swichi, kazi ya Radia Perlman wa miaka ya 80, na STP ni waya uliofunikwa na foili. AD ni Active Directory ya Windows, ya kusimamia watumiaji, na AD ni namba ya kuaminika kwa njia kwenye ruta (kwa kila namna ya kuijua njia, ndogo ndo inaaminika zaidi: static 1, EIGRP 90, OSPF 110, RIP 120, hizi kariri, hamna namna). Hata neno trunki, kwa Cisco ni poti inayobeba VLAN nyingi (mitandao midogo iliyogawanywa ndani ya swichi), ila kuna swichi za HP ambazo trunki maana yake ni waya kadhaa zilizounganishwa kuwa mmoja. Nimewahi kulipia hilo kwa usiku mzima.

Na wale wanaojifanya wasahihishaji nao wakae chini. Kichwa cha waya wa mtandao kwa jina lake kamili ni 8P8C, RJ45 ni jina lililotoka kwenye mambo ya simu likadandia tu. Ni kweli. Sasa nenda Kariakoo ukaombe 8P8C mia moja, mwenye duka atakuuliza kama umekunywa chai. Mtihani unasema RJ45, mimi nasema RJ45, yameisha.

Tuwe wakweli na mimi. Mara ya kwanza CCNA nilianguka, na dola zangu zikaenda, kwa sababu nilikuwa na kadi zaidi ya mia tatu, mbele kifupisho nyuma kirefu. Mpaka leo ukinishtukiza kirefu cha SFP, kile kipande cha kuchomeka kwenye swichi ili waya wa fiber uingie, nitababaika kidogo, na nimezichomeka mpaka vidole vimeota sugu. Leya ya 5 na ya 6 sijawahi kuzishika kwa mkono, nazitaja tu kwa sababu zinaulizwa. ARP ipo leya ya 2 au ya 3? Nimeshabishana kuhusu hilo na watu wanaonizidi uzoefu na hatukuelewana, mi huwa najibu 2 na naomba swali lisije. Na leya zenyewe mpangilio nilikariri kama wewe, ila kwa Kiswahili: Pita Dukani Nunua Tangawizi, Sukari, Pilipili, Achari. Physical mpaka Application. Chukua bure.

Kadi zangu za mara ya pili nilizigeuza. Mbele naandika tatizo, "PC zote za VLAN 20 zina 169.254, za VLAN 10 ziko poa", nyuma naandika ningeangalia nini kwanza. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kirefu kikitosha nafasi.

Yule mdogo wetu wa grupu nilimfuata inbox asubuhi hii, nikamwambia aache PDF, ashushe Packet Tracer, programu ya kuigiza mtandao, haina malipo, aweke seva upande mmoja wa ruta na PC mbili upande mwingine, ajaribu kupata anwani. Saa nne kanitumia picha: "DHCP failed. APIPA is being used." APIPA ndo ile 169.254 ya kujipa mwenyewe. Kauliza mbona inatuma Discover tu na Offer hairudi, na seva kaiwasha kabisa. Nikamwambia aangalie ruta. Mpaka sa hivi kimya, nadhani yupo ndani anahangaika.