Kilomita laki mbili hazitoshi kuikataa injini

Ukitafuta injini ya mtumba ya kufunga turbo (feni inayoisukumia injini hewa zaidi ili iongeze nguvu) hapa Mwanza, utaambiwa uchukue iliyotembea kilomita chache. Ya laki mbili imeshakwisha. Imani hii ni ya miaka mingi, na imewapotezea watu pesa.

Kilomita hazisemi zilitembewaje. Gari la kwenda Shinyanga na kurudi hufanya kazi likiwa limepata moto sawasawa. La Kirumba hadi sokoni, dakika chache na kuzimwa, huacha petroli na unyevu kwenye oili, na oili hiyo ndiyo inayolinda baringi. Tena injini nyingi kutoka Japani hufika bila dashibodi, kwa hiyo kilomita anazotaja muuzaji hakuna pa kuzihakiki.

Kinachosema kweli ni kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda, unaosomwa kwa geji inayofungwa kwenye tundu la plagi. Injini ikishapata moto, katisha umeme wa koili na nozeli, ng'oa plagi zote, kanyaga mafuta hadi mwisho, piga stata. Tuseme ni 1JZ, injini ya Toyota ya silinda 6: tano zikisoma psi 170 na moja 120, iache, hata kama ina kilomita 60,000 tu. Ukitaka kujua kosa, mimina oili kidogo kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimelika. Isipopanda, shuku valvu au gasketi ya silinda hedi.

Mwombe fundi akate na filta ya oili, aikunjue karatasi yake juani. Chembe nyingi zinazong'aa ni dalili ya baringi kusagika, na turbo itazimaliza haraka.