Mtoto anakutazama ukimenya ndizi: ubongo wake unafanya nini?

Maswali haya wazazi wa hapa Moshi huyauliza mara kwa mara wakileta watoto kliniki. Tumeyajibu kwa lugha ya nyumbani.

Mwanangu ana miezi 14. Nikimenya ndizi za mtori anakaa kunikodolea macho tu. Kuna anachojifunza?

Kipo, mama. Mikono yake imetulia, lakini sehemu ya ubongo inayoongoza mikono haijalala. Mtoto akishika kitu mwenyewe, sehemu hiyo huamka. Akikuona wewe unakishika, huamka pia, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi.

Mmejuaje, na kichwa hakijafunguliwa?

Mtoto huvalishwa kofia laini yenye vihisio vinavyosoma umeme mdogo wa ubongo. Haiumi, na haiingizi umeme wowote kichwani (kuna bibi aliyekuwa na hofu hiyo, na alikuwa na haki ya kuuliza).

Kinachotafutwa ni mawimbi yanayoitwa myu. Kwa mtu mzima hupiga mara 8 hadi 13 kwa sekunde; kwa mtoto mdogo huenda polepole zaidi, kama 6 hadi 9. Mwili ukitulia, chembe nyingi za ubongo hupiga kwa pamoja na mawimbi huwa makubwa. Kazi ikianza, hufifia. Fikiria akina mama wanaosubiri kliniki wakiimba wimbo wa lishe: mzani ukianza kazi, huyu anaitwa, yule anavua mtoto nguo, na wimbo unapotea. Si kwamba watu wamelala, ni kwamba kila mmoja ameshika lake.

Mwaka 1954 huko Ufaransa, mtafiti wa ubongo Henri Gastaut na mwenzake waliona mawimbi haya yakififia kwa watu waliokaa tu wakitazama filamu ya ndondi.

Nimesikia kuna "chembe za kioo". Ni hizo?

Zina undugu, ila nisikuuzie mbuzi kwenye gunia. Chembe hizo ziligunduliwa kwa nyani huko Parma, Italia, na taarifa ya kwanza ikatoka mwaka 1992: zilifanya kazi nyani alipookota kitu, na pia alipomwona mtu akikiokota. Kwa watoto tunapima kwa kofia, juu ya ngozi, hivyo hatusomi chembe moja moja. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu kiasi gani zinaeleza uigaji wa binadamu.

Basi nimuwekee katuni, si anatazama vilevile?

Hapana. Watoto wadogo hujifunza machache kwenye skrini kuliko kwa mtu aliye mbele yao. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 haupendekezi skrini kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, na kwa wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku.

Jambo lingine, ambalo kwangu ndilo kubwa: ubongo huitikia zaidi kile ambacho mwili umekwisha kukijaribu. Uholanzi, mwaka 2008, watoto wa miezi 14 hadi 16 walionyeshwa video za wenzao wakitambaa na wakitembea. Ubongo wao uliitikia zaidi kutambaa, na waliotambaa kwa muda mrefu ndio walioitikia kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo mpe mwiko na sufuria tupu. Atapiga kelele, ndiyo.

Jirani anasema mtoto asiyeiga ana usonji (autism).

Jirani hawezi kujua hilo. Watoto hutofautiana, wengine hutazama wiki nzima kabla ya kujaribu. Lakini kama amefika mwaka na zaidi bila kupunga mkono wala kuonyesha kitu kwa kidole, au alikuwa akifanya hivyo na sasa ameacha, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Mlete.

Na akiiga kisu?

Ataiga tu. Kipande cha ndizi iliyoiva na kijiko vinamtosha. Kisu kiweke juu ya kabati, akiwa haoni unakokiweka.